Kelele Tunazitaka, na Masikio Tunayataka

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya darasa la majaribio, chaki mkononi, wenzangu wa Elimu wamejifanya wanafunzi wa kidato cha pili. Somo lilikuwa ngeli. Dada mmoja wa safu ya nyuma akajibu swali langu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Mara ya tatu darasa zima likaangua kicheko, na mhadhiri akaandika kitu kwenye fomu yake. Baadaye niliisoma: "Msikilize mwanafunzi." Makomredi, nilikuwa namsikiliza! Shida ni kwamba sikio langu la kushoto lilikuwa na filimbi ndani yake, na filimbi hiyo ilikuwa ikilia tangu Jumamosi usiku.

Jumamosi nilikuwa kwenye klabu moja ndogo hapa Nairobi. Kuingia ni soo tano, ngazi nyembamba, dari unaweza kuigusa kwa mkono. Tulikuwa watu kama themanini. Bendi ni vijana watatu: gitaa, besi, ngoma. Sijui nianze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia muziki wa noizi roki. Yule wa gitaa alikuwa akiligeuza gitaa lake kuelekea spika, sauti inatoka kwenye spika inarudi kwenye nyuzi, inatoka tena imenenepa, mpaka ile sauti inasimama yenyewe kama ukuta na yeye ameshaondoa vidole. Besi huisikii, unaipata kifuani. Maneno ya nyimbo hata usihangaike kuyatafuta. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye spika kwa karibu saa mbili, na nitasema ukweli: sijafurahi hivyo tangu muhula uanze.

Mwenzangu wa chumbani husema huo si muziki, ni mashetani. Wengine husema ni watoto wasiojua kupiga vyombo. Hapo nawakatalia wote. Sonic Youth, waliounda bendi yao New York mwaka 1981, walikuwa wakitega nyuzi za magitaa kwa namna zao wenyewe na kuchomeka bisibisi chini yake ili zitoe sauti wanayoitaka. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua chombo chake. Na tusidanganyane kwamba ni mambo ya wazungu tu. Mwaka 2020 Martin Kanja na Sam Karugu wa hapahapa Nairobi walitoa albamu yao kama Duma (si yule mnyama, ni giza kwa Kikuyu), kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Isikilizeni usiku, halafu mje mniambie hao wanabahatisha.

Tena kuna kitu kelele hizo hutupa ambacho ngoma za kawaida hazitoi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaishi katikati ya maswali. HELB imeingia? Alama zako zilizopotea zimepatikana? Ukimaliza, TSC watakuajiri lini? Nyumbani shangazi anauliza, kwenye mathree jirani wa kijijini anauliza. Mle klabuni hakuna anayeweza kuuliza chochote, kwa sababu hakuna anayeweza kusikia. Unasimama umebanwa na watu usiowajua, kila mtu kichwa kitupu, na kwa saa mbili hudaiwi jibu na mtu yeyote.

Kwa hiyo sijaja kusema tupunguze starehe. Nimekuja kuzungumzia filimbi yangu.

Simu yangu ina programu ya kupima sauti. Si kipimo cha maabara, lakini ilisoma desibeli 108. Nenda na hesabu hii inayotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi, NIOSH: desibeli 85, saa nane kwa siku. Kila ukiongeza desibeli tatu, muda unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 saa mbili, na ukifika 100 umebaki na dakika 15. Kwa 108 hata dakika tatu hazifiki. Ni kweli, hesabu hiyo ilitungwa kwa mtu anayekaa kwenye kelele kila siku ya kazi, si kwa usiku mmoja. Lakini mimi nilikaa saa mbili, na sikuwa hapo kwa mara ya kwanza. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Nyingine huchoka tu, kisha hupona, na ndiyo maana filimbi yangu ilinyamaza Jumatano. Ni ngapi hazikupona, sikio halisemi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100, kuwe na vizibo vya masikio, kuwe na sehemu tulivu ya kupumzikia. My Bloody Valentine, ambao kwa kelele hawana mpinzani, waligawa vizibo mlangoni walipozuru mwaka 2008. Hawakupunguza sauti hata kidogo. Walijua tu wanachowafanyia watu.

Hapa kwetu spika za shoo ya kuwakaribisha wanafunzi wapya hupangwa mbele kabisa, na sisi hukimbilia hapohapo. Na CU wasinitazame vibaya, kesha lao la mwisho simu yangu ilisoma 101, na hapo hakukuwa na shetani yeyote.

Ombi langu kwa ofisi ya burudani ya chama ni dogo. Mnapokodisha spika na mabaunsa, nunueni na katoni ya vizibo vya sponji, muweke mlangoni pale tunapogongwa mihuri mkononi. Mimi nilinunua jozi kwa shilingi 50 kwenye duka la dawa mjini. Nimevijaribu: gitaa bado lipo, besi bado inapiga kifua, kilichopungua ni ule ukali wa juu unaochoma. Nilidhani ningejiona mshamba. Kumbe kwenye giza hakuna anayeona masikio yako.

TP inaanza muhula ujao. Nasikia kuna shule zenye watoto sitini darasani, na wale wa nyuma hujibu kwa kunong'ona. Bendi nayo inarudi mwisho wa mwezi huu. Nitakuwepo, kando ya nguzo, mbali kidogo na spika.