Usiandike "always" kama mzigo si wako

Pitia kurasa kumi za wauzaji wa Kariakoo jioni hii. Utakutana na maneno yale yale: "Always available." "We deliver everyday." "We never disappoint." Yanapendeza, na yanaufanya ukurasa uonekane wa kisasa.

Msimamo wetu leo ni huu: hayo maneno siyo mapambo, ni ahadi. Ukiandika "always" umemwambia mteja ni mara ngapi atakupata ukiwa na mzigo. Na wauzaji wengi wanaoitwa matapeli mtandaoni hawajaiba kitu. Waliahidi "kila mara" wakati ukweli wao ulikuwa "mara nyingi".

Tunajua biashara zetu zinavyokwenda. Wengi hatuna stoo. Unapiga picha ya gauni kwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo, unaposti, mteja wa Mbagala akilipia ndipo unakwenda kulichukua. Hakuna ubaya, mtaji ni mdogo. Lakini mzigo ni wa mwenye duka, na yeye hakusubiri. Akija mteja wa Kongo au wa Zambia akabeba robota zima, "always available" yako imekufa saa hiyo hiyo. Wewe bado unayo hela ya mteja, na yeye anayo picha ya posti yako.

Sasa tuyapange maneno yenyewe, kutoka juu kwenda chini:

👉 Always: kila mara, bila kukosa. Mara 10 kati ya 10.
👉 Usually: kwa kawaida. Mara nyingi ndiyo, lakini kuna siku haiwi.
👉 Often: mara nyingi, ila chini kidogo ya "usually".
👉 Sometimes: wakati mwingine.
👉 Rarely: mara chache sana.
👉 Never: kamwe. Mara 0.

Angalia hapo: ni la kwanza na la mwisho tu yenye kipimo kamili. Haya ya katikati kila mtu ana kipimo chake, na hapo ndipo hela zinapopotelea.

Mfano ni pale unapoagiza China. Muuzaji wa Guangzhou anakuandikia, "We usually ship in 3 days." Wewe unasoma "siku 3", unakwenda kumwahidi mteja siku 3. Yeye hajasema hivyo. Amesema kwa kawaida ni siku 3. Ukiagiza karibu na Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, viwanda vingi vinafungwa na wafanyakazi wanarudi kwao. Hiyo ndiyo siku ambayo "usually" haiwi. Muuzaji hajakudanganya. Ni neno moja ulilolipita haraka.

Hata "bi-weekly" iogope. Kuna anayeitumia kwa mara mbili kwa wiki, na kuna anayeitumia kwa mara moja kila wiki mbili. Wakala akikuambia kontena linaondoka "bi-weekly", mwombe tarehe. Usiulize "how often" halafu ukaridhika na "often". Uliza "how many times a month?" ili akujibu kwa namba.

Kuna makosa mawili tunayaona kila siku kwenye posti. La kwanza ni "We don't never disappoint." Limetoka kwenye Kiswahili chetu, maana sisi tunasema "hatuchelewi kamwe", kukanusha juu ya kukanusha, na ni sahihi kabisa. Kwa Kiingereza sanifu "never" peke yake inatosha kukanusha: "We never disappoint." Ukiongeza "don't", anayekijua Kiingereza vizuri anaweza kusoma kinyume chake.

La pili ni "everyday" iliyoshikana. Ikishikana maana yake ni ya kawaida, ya kuvaa kila siku: "everyday shoes", viatu vya kushindia. Kama unapeleka mizigo kila siku, tenganisha: "We deliver every day."

Wala Kiswahili nacho hakijasalimika. "Tunajibu mara moja" ni papo hapo, au mnajibu mara moja tu basi? 😄

Najua kuna atakayesema, "Bosi, tangazo bila chumvi haliuzi. Kila mtu anaandika always, mimi nikiandika sometimes nitaonekana sina biashara." Hoja ina uzito, na hatusemi uandike "sometimes". Tunasema ondoa neno, weka namba au siku. Linganisha "We deliver everyday" na hii: "Tunapeleka Jumanne na Ijumaa. Ukilipia kabla ya saa 4 asubuhi, unapata siku hiyo hiyo." Ya pili inaahidi kidogo, lakini mteja anaiamini zaidi, na wewe unaweza kuitimiza na bodaboda mmoja tu.

Badala ya "Always available", andika: "Zipo pea 6 leo. Kabla ya kulipia, uliza kama ipo." Sentensi hiyo fupi inakuokoa na ugomvi wa kurudisha hela.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Ukimpotosha kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kupotosha ni kupotosha.

Jina Kariakoo lenyewe lilitokana na Kiingereza, "Carrier Corps", wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa hapa walilichukua wakalifanya lao. Kwa hiyo hatuna ugomvi na Kiingereza. Kitumie, ila jua kila neno linakudai nini.

Kazi ya leo: fungua ukurasa wako, tafuta kila "always", "never" na "everyday". Kila moja jiulize: nikibanwa, naweza kuitimiza mara 10 kati ya 10? Kama jibu ni hapana, futa, weka siku au namba.

Umekuta ngapi? Tuambie hapo chini, na mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni. 🙏