Detekta Yako Haijui Dhahabu

Wasee, kuna mtindo umeshika. Jamaa anatembeza detekta shambani, skrini inaandika namba, anachimba, anainua kitu inang'aa. Chini watu wa Migori na Kakamega wanauliza bei. Wengine wanachanga kama chama ili wanunue moja, na hapo ndipo mimi nachoka.

Hakuna detekta inajua dhahabu. Koili inarusha sumaku ardhini, metali inajibu ikichelewa kidogo, na mashine inapima hilo cheleweko. Basi. Msumari hujibu upande mmoja, shaba nene na fedha upande ule mwingine. Punje ndogo ya dhahabu? Iko pale pale karibu na karatasi ya sigara na kifungulio cha kopo la soda.

Wauzaji wanapenda sana kichujio, ile sehemu unaambia mashine inyamazie takataka. Inauza vizuri, si ni kama akili? Lakini udongo wenyewe pia unajibu. Ule mwekundu wenye chuma, na yale mawe mazito yenye chuma ndani huko Migori, hupiga kelele kuliko punje yoyote. Kazi ya kuunyamazisha si ya kichujio. Ni ya kusawazisha ardhi: unatafuta mahali hapana metali, unainua na kushusha koili, unarekebisha mpaka sauti isibadilike. Ukifanya hivyo juu ya msumari uliofukiwa, umeiharibu kabla hujaanza. Ukihama kutoka udongo mweusi hadi mwekundu, unarudia.

Sasa uhuni unaingia hapa. Mtu hajasawazisha, mashine inapiga kelele kila hatua, anaambiwa "ongeza kichujio." Kweli, kelele inapungua. Na dhahabu pia! Sababu kwa udongo wenye madini mengi, jibu la punje iliyo chini linachanganyika na la ardhi, namba inateleza mpaka upande wa chuma, na wewe ushaambia mashine inyamazie chuma. Unapita juu ya kitu ulichotafuta na hausikii hata mlio. Tena unarudi nyumbani ukisema shamba halina kitu.

Angalia wanaotengeneza mashine za dhahabu kwa umakini. Gold Bug 2 ya Fisher inafanya kazi kwa kiloherzi 71, juu sana, ndio isikie punje ndogo. Masafa hayo pia husikia madini ya udongo zaidi, kwa hivyo kusawazisha unakufanya kwa mkono, pole pole. Kichujio chake ni swichi ya kukataa chuma tu, na ukiiwasha unapoteza kina. Hakuna anayekuahidi skrini yenye neno dhahabu.

Niliacha chuo, so sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini hii si fizikia ngumu, na ndio maana inaniudhi: mtu mwenye wafuasi wengi anaweza kuieleza kwa dakika mbili, ila dakika hizo haziuzi mashine.

Na kuna lingine wanaruka. Dhahabu nyingi ya kwetu imejificha kama chembe ndani ya mawe ya kwatzi. Wachimbaji husaga jiwe ndio waipate. Chembe hizo detekta haizisikii, hata ukisawazisha kama fundi. Inasaidia mahali kuna punje zilizojitenga, mtoni au kwenye udongo uliooza kutoka kwa mwamba.

Kwa hivyo kama mbogi yenu inachanga, muulize muuzaji aiwashe kwa udongo wenu, si kwa meza yake. Asawazishe mbele yenu. Zima kichujio, fukia kipande kidogo cha risasi ya kuvulia samaki, mpite juu yake. Kisha apandishe kichujio mpite tena. Akikataa kufanya hilo jaribio, rudisheni doh ya chama kwa wenyewe.