Jina Halipigi Besi

Jumapili iliyopita, baada ya ibada na baada ya mnada wa ndizi na kuku, kwaya yetu ilibaki kanisani kwa kikao. Ajenda ilikuwa moja tu: gitaa la besi. La zamani limekufa, na kwenye akiba kuna laki saba, fedha iliyotokana na mikungu ya ndizi, madebe ya maharage na ahadi za msimu wa kahawa. Huku Kamachumu hiyo siyo fedha ya kuchezea.

Wakasimama wasemaji watatu. Wa kwanza, kijana wetu mpiga besi, akatoa simu na kutuonyesha picha ya besi ya nyuzi tano, nyekundu, inang'aa kama pikipiki mpya. Wa pili, mzee wa kamati, akasema tutafute Fender, hata kama ni ile ya kuigiza, mradi jina lisomeke kwa waliokaa viti vya nyuma. Wa tatu, mtunza hazina, akamaliza mchezo: kinanda kina besi ndani yake, unabonyeza inalia yenyewe, kwa hiyo hizo laki saba zikaezeke nyumba ya mwinjilisti. Watu wakapiga makofi.

Mimi niliyepiga besi kwenye kwaya hiyo kwa miaka kumi na tisa nikaulizwa maoni yangu. Nikasema maneno mawili matatu yasiyoeleweka, nikakaa. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia. Kikao kinarudi baada ya wiki mbili, na hili ndilo jibu nililopaswa kulitoa. Nawajibu wote watatu, kwa sababu wote wamekosea, na kosa lao ni lile lile tunalolifanya sisi wapenda vitabu kila tunapoandika kuhusu muziki: hatusikilizi.

Nianze na mzee wangu wa jina. Mzee, shikamoo. Besi tuliyoizika ilikuwa na jina kubwa kichwani. Aliyeiuza jijini aliapa kwamba ni yenyewe. Ikaja masika yetu, unaijua mvua ya huku inayotoka ziwani, na shingo ikapinda mpaka nyuzi zikawa juu kama kamba za kuanikia nguo. Gitaa la maana lina chuma ndani ya shingo, unakizungusha kwa kile kifunguo kidogo cha pembe sita, shingo inarudi. Nikazungusha. Kikazunguka bure, hakikushika kitu. Jina lilikuwa stika. Tulinunua stika kwa fedha ya ndizi.

Na hilo jina lenyewe, lilipatikanaje? Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa hakujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi aliloliita Precision. Hakuwa wa kwanza kufikiria jambo hilo. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ameshatengeneza lake miaka ya 1930, halikusambaa. Fender alitazama shida za wapiga besi wa wakati ule: zeze lile kubwa la kusimama halisikiki mbele ya dramu, halibebeki kwenye gari, na kwa kuwa halina vyuma vya kugawa noti shingoni, kidole kikikosea kidogo tu, noti inapotea. Akawawekea vyuma, wakapata noti kamili. Ndiyo maana ya lile jina Precision: usahihi. Yaani gitaa hili lilizaliwa kama jibu la shida ya kazi. Sisi tumechukua jina tukaacha swali.

Basi tuulize swali. Besi inafanya kazi gani kwetu, na ipi inaifanya vizuri?

Precision ina kile wapigaji wanachokiita mwili. Tangu 1957 pikapu yake (siyo ile ya kubebea ndizi, ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi) imekatwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa namna ya kufuta mngurumo wa umeme. Ina kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha kuifanya ing'are au ifiche makali. Basi. Wanaoipenda wanapenda kwamba haina maswali mengi: unachomeka, sauti nene ya katikati inatoka, inakaa chini ya waimbaji bila kuwagombanisha. Wasioipenda wanasema shingo ni nene na sauti ni ile ile. Mimi nasema kwa kwaya ya watu thelathini, sauti ile ile ni baraka.

Jazz Bass ilikuja 1960. Shingo yake ni nyembamba zaidi kule kwenye kichwa, pikapu mbili, kila moja na sauti yake. Wenye vidole vyepesi wanaipenda kwa sababu noti inasikika ncha yake, unaweza kuifanya iseme. Lakini sikiliza, hili nimelilipia kwa aibu: ukifungua pikapu moja na kufunga nyingine, inanguruma. Kwenye studio yenye nyaya safi siyo tatizo kubwa. Kwenye jengo ambalo umeme umevutwa na fundi wa kuokota, waya wa ardhi hakuna na taa za mirija zinalia juu ya kichwa, unapata nyuki mzima wakati wa sala ya toba. Zifungue zote mbili sawasawa, mngurumo unapungua. Nani anamfundisha kijana hilo? Picha ya kwenye simu haifundishi.

Kuna Höfner ya Ujerumani, ile yenye umbo la fidla, iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1950. Paul McCartney alinunua yake Hamburg mwaka 1961, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa kuwa umbo lake ni sawa pande zote, mtu wa mkono wa kushoto akiigeuza haionekani kichekesho. Ni nyepesi, ina uwazi ndani, na urefu wa uzi ni kama sentimita 76 badala ya zile 86 za Fender. Sauti yake inadunda na kufa haraka, kama kidole kwenye ngozi ya ngoma. Nalitaja hili kwa sababu ya madada zetu. Wangapi wamejaribu besi wakaambiwa mikono yenu midogo? Siyo mikono. Ni sentimita kumi.

Na kuna Ibanez za SR, ambazo zilianza 1987, mwili mwembamba, shingo kama ya gitaa la solo. Vijana wanazipenda kwa kasi, na siwalaumu. Ukisimama nayo saa tatu kwenye tamasha la kwaya mgongo unakushukuru. Nyingi zina saketi ya betri ndani, jambo ambalo Music Man StingRay ililiingiza sokoni mwaka 1976. Betri inaipa sauti nguvu na usafi. Lakini ukisahau waya umechomekwa usiku kucha, betri inakufa. Mimi imenifia katikati ya pambio, kwaya ikabaki hewani kama mtu aliyevutiwa kiti. Duka la jirani lina betri za redio na tochi. Ile ya mraba, ya volti 9, uifuate mjini.

Sasa nije kwako, kijana wangu, na nyuzi zako tano. Nitakutendea haki. Uzi wa tano una faida, hasa pale mwalimu wa kwaya anapoushusha wimbo kwa ajili ya masoprano na wewe unajikuta huna noti ya chini. Lakini fanya hesabu. Uzi wa nne, ule mnene wa besi ya kawaida, ukipigwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. Uzi wako wa tano unatetema mara 31. Spika zetu ni zipi? Mbili za inchi 12 zilizochoka na ile ya pembe ya nje iliyotengenezwa kwa ajili ya matangazo. Hazifiki 41 vizuri, sembuse 31. Unaponunua uzi wa tano kwa spika hizo unanunua sauti itakayobaki ndani ya waya. Wewe utaiona kwenye vidole vyako. Bibi wa kiti cha nyuma ataisikia kama kikohozi.

Na seti ya nyuzi tano ni ghali zaidi. Huku tunachemsha nyuzi kwenye sufuria zirudishe mng'ao, tusidanganyane. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia Precision ya 1962, nyuzi zake za utepe bapa hakuzibadilisha ila kwa lazima, na kidole kimoja cha shahada. Kimoja! Sisemi umaskini ni sifa. Nasema alijua anachokitaka: noti nene inayosukuma wimbo na kuondoka.

Abaki mtunza hazina, ambaye ndiye hatari kuliko wote kwa sababu ana nusu ya ukweli. Ni kweli kinanda kina besi. Ni kweli mpiga kinanda hodari anaweza kuipiga kwa mkono wa kushoto. Lakini wewe hukusema mkono wa kushoto, baba yangu, ulisema unabonyeza inalia yenyewe. Hiyo inayolia yenyewe haimtazami mwalimu. Mwalimu akivuta ubeti wa mwisho, yenyewe haivuti. Akirudisha kiitikio mara ya tatu kwa sababu watu wamesimama na machozi yanatoka, yenyewe imeshaenda zake. Ndiyo maana kwaya nyingi siku hizi zinaimba kama zinalifukuza basi: wanaikimbiza mashine. Mpiga besi anautazama mkono wa mwalimu na mguu wa mpiga dramu, na kati ya hivyo viwili anaweka noti. Hiyo kazi haiko kwenye kitufe.

Tena kwa wengi wetu huku juu, kwaya ndiyo shule ya muziki tuliyopata. Mimi sikusoma noti popote, nilifundishwa na mtu aliyesimama mbele yangu. Ukinunua kitufe umeokoa laki saba na umefunga darasa.

Nilisema nitawagusa na wenzangu wa vitabu. Chukua hakiki yoyote ya muziki wa dansi tuliyoandika. Tunayakata mashairi, tunatafuta tamathali, tunataja mtunzi na mwimbaji, tunafunga. "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978, watu wanaijadili maneno yake mpaka leo. Lakini mwambie mtu yeyote aikumbuke bila redio: kabla ya maneno atakuimbia besi kwa mdomo, du-du-du, na bega linacheza. Besi hiyo ni ya Tom Malanga. Wangapi kati yetu tumewahi kuliandika jina lake? Na sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza gitaa lake lilikuwa chapa gani. Jamerson naye alipiga miaka mingi bila jina kwenye jalada, mpaka Marvin Gaye alipotoa "What's Going On" mwaka 1971.

Na Mhaya hana udhuru kabisa. Sisi ni watu wa enanga. M. M. Mulokozi ameandika kwa kina kuhusu tendi zinazoimbwa kwa chombo hicho, ubao uliochongwa kama mtumba mdogo na uzi unaopitishwa mara saba au nane. Msimulizi anaeleza habari za mashujaa, na chini yake mkono unarudia mzunguko ule ule, unashika, hauachi. Toa huo mzunguko, utendi unabaki taarifa. Babu zetu walijua kwamba maneno yanahitaji sakafu. Hakuna aliyeuliza enanga imeandikwa nini kichwani.

Kwa hiyo, wajumbe, pendekezo langu ni hili. Tutafute besi ya nyuzi nne, isiyo na betri, hata iliyotumika, chapa yoyote. Aende mtu anayepiga, siyo mwenye nauli tu. Aitazame shingo kwa jicho moja kama fundi anavyotazama ubao. Azungushe chuma cha ndani kidogo, aone kinashika. Apige kila noti kwenye kila uzi, asikilize inayokwaruza. Afungue vitufe vyote taratibu, vikichakarika ashushe bei. Kisha aiweke begani na kusimama nayo nusu saa, muuzaji akinuna anune. Itakayobaki kwenye laki saba inunue seti moja ya nyuzi, na kama inatosha, waya wa ardhi wa kanisa.

Nimeshaazima besi ya namna hiyo kwa rafiki yangu wa Muleba mjini. Siku ya kikao nitaomba kwaya iimbe wimbo mmoja na kitufe cha kinanda, halafu wimbo huo huo kinanda kimezimwa, na kijana wetu ashike besi. Mtunza hazina akae nyuma kabisa, karibu na mabibi. Tukimaliza, asimame yeye aseme.