Uzoefu Bila Chuo ni Kubahatisha

Makala moja gazetini inamshauri kijana wa Bukoba au Muleba anayetaka ualimu aachane na chuo, aingie darasani moja kwa moja, kwa kuwa uzoefu unatosha. Tulishajaribu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, wahitimu wa darasa la saba walishikishwa chaki huku wakijifunza. Miaka ya 2000 wahitimu wa kidato cha sita wakapikwa kwa wiki chache, mtaani wakaitwa “vodafasta”.

Dai bovu kuliko yote ni kwamba darasa litamfundisha mwalimu lenyewe. Litamfundisha nini? Mtoto aliyekulia kwenye Kihaya anaandika “zahabu”. Aliyesomea kazi anajua sauti ya dh haimo katika lugha ya nyumbani, basi anamwonyesha ulimi unakaa wapi. Asiyejua anachukua fimbo, na miaka ishirini baadaye ana uzoefu mkubwa wa fimbo.

Tena nani kasema chuo ni vitabu tu? Mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Katoke, hapo hapo Muleba, huenda mazoezi ya kufundisha, andalio la somo mkononi, mkufunzi ameketi nyuma anaandika kasoro zake.

Kijana, omba chuo.