Nguvu ya skrini ipimwe, isiishie kwenye mkasi

Mwishoni mwa mwaka 2016, wanafunzi wa sekondari nchini Uganda waliokaribia mtihani wa taifa walipelekwa sinema. Baadhi walionyeshwa Queen of Katwe, filamu ya maisha ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa maskini wa Kampala aliyeinuka kwa mchezo wa sataranji. Wenzao walionyeshwa filamu nyingine ya kubuni.

Matokeo yalipotoka, miongoni mwa watahiniwa wa mwaka wa nne walioiona filamu ya Phiona, asilimia 18 walifeli hisabati. Kwa wenzao, waliofeli walikuwa asilimia 32. Hakuna mwalimu aliyeongezwa wala kitabu kilichonunuliwa. Ni saa mbili tu mbele ya skrini.

Mwaka huohuo, katika baadhi ya vijiji zaidi ya 100 vya Uganda vilivyofanyiwa utafiti, watafiti walichomeka visa vifupi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake kati ya filamu zilizoonyeshwa kwenye vibanda vya video. Miezi kadhaa baadaye, wanawake wa vijiji hivyo walikuwa tayari zaidi kutoa taarifa, na visa vya kupigwa majumbani vilipungua. Jambo la kuzingatia ni kwamba fikra za watu kuhusu ukatili wenyewe hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni hofu ya mwanamke kuonekana mmbeya akisema.

Hapo ndipo penye somo. Skrini haimhubirii mtu akaongoka papo hapo. Inamwonyesha jirani atasema nini, na msichana kama yeye anaweza kufika wapi. Na kama inaweza kujenga hivyo, inaweza kubomoa vilevile.

Hata hivyo, katika nchi za Afrika Mashariki mjadala wa filamu huanzia na kuishia kwenye mkasi. Bodi hukagua, hukata na hupiga marufuku. Kenya iliizuia filamu ya Rafiki mwaka 2018. Mahakama ilipoifungulia kwa siku saba, kumbi za Nairobi zilifurika. Marufuku iligeuka tangazo.

Wakati huohuo, mtoto anayelipa sarafu chache kuingia kibanda umiza Mwanza au Mbale huona mapanga na risasi tangu asubuhi, na hakuna anayepima anatoka na nini. Tafiti zile mbili za Uganda zenyewe ziliongozwa na wasomi wa vyuo vya Uingereza na Marekani.

Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake Kampala. Filamu haziombi pasipoti mpakani: ya Dar es Salaam hutazamwa Bujumbura, ya Nairobi hutazamwa Arusha. Basi utafiti nao uvuke mipaka, na bodi za filamu zikae meza moja na walimu wa vyuo kabla ya kushika mkasi. Mganga asiyepima ugonjwa hana haki ya kukata kiungo.