Kabla ya kupaki spika, uliza ni nani anaenda

Kila Julai swali ni lile lile: "Boss, tunaenda kulala kwa hema, tubebe nini?" Nimetengeneza video tatu kuhusu hiyo stori, na leo nakubali mbili kati yake zilikuwa upuzi mtupu. Nilinakili orodha za wazungu. Kofia ya kaki, suruali ya kaki yenye zipu magotini, darubini, buti za bei ya kodi ya bedsitter. Mtu anayetoka London anaweza kusamehewa, kichwani mwake Afrika ni jua kutoka asubuhi hadi asubuhi. Lakini sisi je? Msee wa Nairobi ambaye Julai anapanda matatu akiwa na koti na mavini, ukimwambia neno safari anapaki kaptula na miwani. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, bana. Sehemu kubwa ya Mara iko juu ya mita 1,500. Mchana unaungua, usiku meno yanagongana.

Najua kwa sababu yalitupata, na makosa yalikuwa yangu.

Tulikuwa watu watano, gari moja ndogo, tunaenda Hell's Gate. Mimi nilikuwa na nguo tatu za picha, raba nyeupe, taa ya video, na spika kubwa. Boot ikakataa kufunga. Binamu yangu alikuwa na begi nono kuliko sisi wote, nami nikamwambia, mbele ya wengine, na kicheko juu: "We unahama ama? Punguza hizo vitu." Akatoa blanketi zito, akatoa chupa ya maji moto, akaacha kwa nyumba. Hakubishana. Spika ikaingia.

Sasa, binamu yangu ana selimundu. Mimi najua tangu tukiwa wadogo. Nilimwona akilazwa, nilimpelekea uji. Baridi kali inaweza kuamsha yale maumivu, na kukosa maji ya kutosha pia. Hizi si siri, ni vitu tunavijua kwa familia. Siku hiyo nilikuwa na kontenti kichwani.

Hema tulilokodi mtaani lilikuja bila ule mfuniko wa juu. Hatukulifungua Nairobi kuangalia, tulilifungulia kambini, saa kumi na mbili jioni, jua linazama. Tukacheka, tukasema nyota zitaonekana vizuri. Na maji? Mchana tulikuwa tumeendesha baiskeli kwa jua, na tulikuwa na lita tano za kunywa, watu watano.

Saa nane usiku nikamsikia anapumua vibaya. Alikuwa amejikunja, mikono katikati ya magoti, anauma kola ya jaketi asitusumbue. Nilipomuuliza ameanza kuumwa saa ngapi, akasema saa nne. Masaa manne! Amenyamaza kwa sababu hakutaka kuwa yule wa kuharibu safari. Tukamvisha kila nguo tuliyokuwa nayo, hata zile za picha. Dawa zake alikuwa nazo, shukuru Mungu hizo sikumtoa. Tochi zetu zilikuwa simu, na simu mbili zilikuwa zimezima, betri ziliisha kwa kurekodi machweo. Tulikunja kila kitu kwa mwanga wa taa za gari, na nyati alikuwa anakula majani mahali tulipomsikia lakini hatukumwona. Askari wa getini ndiye alitupa blanketi lake na kutuelekeza hospitali. Binamu alilazwa siku nne.

Kuna jamaa aliponisikia nikisimulia akasema, "Si basi angebaki nyumbani." Hapana. Hiyo ndiyo kauli inafanya watu wanyamaze tangu saa nne hadi saa nane. Anaweza kwenda popote sisi tunaenda. Alikuwa amepaki vizuri kuliko sisi wote, akapakuliwa.

Kwa hivyo sasa mtu akiniuliza abebe nini, namuuliza kwanza mnaenda nani na nani. Kuna mwenye pumu? Kifaa chake cha kuvuta kiko kwa mfuko wake, si chini ya mahema. Kuna mtoto? Kuna shosho? Ndio nijue blanketi ni ngapi. Halafu maji, mtungi wa lita 20 kwa gari, hata kama umeambiwa kambini kuna bomba. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa mbuga zetu tangu Juni 2020, kwa hivyo beba chupa ya kujaza tena, usianze kubishana na askari getini.

Joto hulihitaji dukani kwa bei ya dola. Gikomba na Toi kuna majaketi mazito ya mitumba. Shuka la Kimasai, mavini, soksi mbili mbili. Kitu cha kutandika chini ni muhimu kuliko cha kujifunika, ardhi ndiyo inakunyonya joto ukilala. Meko ndogo, sufuria moja, kiberiti viwili mahali tofauti. Tochi ya kichwa kwa kila mtu, ukienda msalani usiku unataka mikono yote. Hema lifungue nyumbani, lisimamishe hata kwa paking'i.

Kuhusu kaki, ukiwa nayo sawa, wanyama hawajali fashoni. Kitu cha kuangalia ni mahali penye mbung'o: usivae bluu iliyokolea wala nyeusi, maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na chakula kisilale hemani, nyani hawaombi ruhusa.

Kuna kitu pia hakipakiwi. Lile korongo la Hell's Gate limeshaua watu, mafuriko yalipita ghafla mwaka 2012 na tena 2019, na mvua inaweza kuwa inanyesha mbali huku kwako jua linawaka. Jaketi halisaidii hapo. Ukiambiwa na mwongozaji leo hatushuki, hamshuki, hata kama mmetoka Mombasa.

Mwezi ujao tunarudi, wale wale watano. Nimempa binamu funguo za gari, yeye ndiye anapaki wa kwanza. Jana amenitumia picha ya boot: blanketi mbili, chupa ya maji moto, mtungi. Nimeuliza taa yangu ya video itakaa wapi, akajibu niishike mkononi hadi Naivasha.