Kukatwa Tumbo si Njia ya Mkato

Siku ya pili ya Idi iliyopita nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Kibokoni hapa Mombasa. Mkeka ulitandikwa, sinia la biriani likateremshwa, tukanawa, tukapiga bismillahi. Mpwa wangu, binti wa huyo dada, alikula matonge matatu manne hivi, akiyatafuna taratibu, kisha akasema "Alhamdulillahi" na kurudisha mkono nyuma. Shangazi yake akamtazama, akasema: "Mwanangu, wewe si ulikwenda kukatwa tumbo ili upungue bila ya tabu? Sasa hizo saumu za mchana wa Idi ni za nini?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mpwa wangu alitabasamu, akaondoka kwenda kunawa.

Kicheko kile kimenikaa moyoni tangu siku hiyo, na ndicho kilichonishikisha kalamu. Maana suala alilolizusha yule bibi kwa mzaha ndilo linalozungumzwa kwa dhati katika mabaraza yetu: je, apunguzaye unene kwa kupasuliwa ana tofauti gani na apunguzaye kwa kujinyima chakula? Wako wasemao kwamba ni mamoja, ila huyu wa kisu ni mvivu aliyetafuta njia ya mkato. Wako wengine wasemao kwamba si mamoja hata kidogo, kwani huyu ameingilia umbo aliloumbwa nalo. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza, na leo nataka kueleza ni kwa nini nimetoka.

Kwanza, ndugu msomaji, usidhani kwamba mpwa wangu hakujua kujinyima. Miaka kumi na miwili alijinyima. Mahamri aliyaacha, nazi aliiacha, chai alikunywa bila ya sukari. Alfajiri baada ya sala alikuwa akitoka Kibokoni kwenda hadi Mama Ngina na kurudi kwa miguu. Mwaka mmoja alipungua kilo 18, tukamsifu sana. Kabla ya miaka miwili kupita zilikuwa zimerudi zote na tatu juu yake. Akaanza tena, akapungua, zikarudi. Wakati huo kisukari kilikuwa kimeshaingia, na magoti yalimuuma hata akawa anasali juu ya kiti. Na sisi jamaa zake tulisema nini? Tulisema hana azma.

Sasa natuulizane: azma ni kitu gani mbele ya njaa? Mnamo 1944, wakati wa vita vikuu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wakiongozwa na Ancel Keys, waliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliojitolea kwa hiari yao, wakawapunguzia chakula kwa muda wa miezi sita. Vijana wale walipoteza takriban robo ya uzito wao. Hawakuwa wanene, wala hawakuwa wavivu. Hata hivyo mawazo yao yote yaligeuka kuwa chakula: walisoma vitabu vya mapishi, waliramba sahani, na waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula kupita kiasi na bado wakahisi hawajashiba. Na mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitangaza kwamba watu wanene waliopungua kwa kujinyima walichunguzwa baada ya mwaka mzima, na damu yao ikaonekana bado imejaa zile homoni zinazoamsha njaa. Yaani mwili ulikuwa bado unadai deni lake.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwanza, nayo ni kubwa. Upasuaji huu haukati mafuta, kama wengi wadhanivyo. Hukatwa tumbo lenyewe linalopokea chakula. Namna moja ni kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, robo tatu au zaidi, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Namna ya pili ni kutenga kijifuko kidogo kama yai upande wa juu wa tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kipite kando. Hii ya pili aliianzisha Dakta Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa mnamo 1966, baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walipungua na ikawa vigumu kwao kunenepa tena.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba siri ni udogo wa tumbo tu. Lakini mwaka 1999 wataalamu wa Kijapani waligundua homoni iitwayo ghrelini, ambayo huamsha njaa, na ambayo kwa wingi hutengenezwa katika sehemu ya juu ya tumbo, ile ile inayoondolewa katika upasuaji wa kwanza. Vilevile homoni za shibe zitokazo utumboni huongezeka. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa kisukari sukari yao huanza kushuka siku chache baada ya kupasuliwa, hata kabla ya unene kupungua. Kwa hivyo anayejinyima hupigana na njaa yake kila siku, ilhali aliyepasuliwa njaa yenyewe imepunguzwa makali.

Matokeo yake yameonekana. Huko Uswidi, kuanzia 1987, watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa walifuatiliwa pamoja na wengine idadi kama hiyo waliotibiwa kwa njia za kawaida. Baada ya miaka 20 wale waliopasuliwa walikuwa wamepungua asilimia 18 ya uzito wao kwa wastani, na wale wengine asilimia moja. Mwaka 2007 ikatangazwa kwamba hata vifo vilikuwa vichache zaidi katika kundi la waliopasuliwa.

Je, hii ndiyo njia ya mkato? La hasha! Mpwa wangu atameza vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote, kwani asipofanya hivyo damu itapungua na mifupa italegea. Hunywa maji mbali na chakula. Akionja haluwa au kaimati za asali, moyo humwenda mbio na jasho kumtoka. Mwaka wa kwanza daktari alimkataza kufunga Ramadhani, kwa sababu hawezi kunywa bilauri nzima ya maji kwa mara moja akafidia kiu ya mchana kutwa. Siku hizo alilia. Wanawake waliopasuliwa hushauriwa kungoja mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla ya kushika mimba. Wako wanaopata mawe ya nyongo, wako wanaorudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu mshono umevuja, na kifo, ingawa ni nadra, hakikosekani. Tena unene waweza kurudi kwa mtu anayetafunatafuna kutwa na kunywa soda. Kisu hakimchagulii mtu cha kutia mdomoni. Katika hilo, aliyepasuliwa na anayejinyima wako sawasawa.

Kwa sababu hiyo, simuungi mkono mtu atakaye kupasuliwa ili gauni la harusi limkae vizuri. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kipimo: uzito kwa kilo ugawanywe kwa kimo cha mita, kisha ugawanywe tena kwa kimo hicho hicho. Jibu likifika 40, au 35 pamoja na maradhi, basi mtu aweza kufikiriwa. Mwanamke wa kimo cha mita 1.60 hufika 40 akiwa na kilo 102 hivi. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo viliteremsha kipimo hadi 35, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Hata kwa kipimo kipya, basi, haya ni matibabu ya ugonjwa.

Nawajibu pia wale wa kundi la pili. Mimi si shehe, na atakaye fatwa na aende kwa wanazuoni. Lakini hata sisi tuliokaa vyuoni utotoni twajua kisa cha swahaba Arfaja, ambaye pua yake ilikatwa vitani zama za ujahilia, akatia pua ya fedha, ikanuka. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu, na hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wametumia kisa hicho kutenga baina ya kubadilisha umbo kwa kutafuta urembo na kuondoa dhara. Na kama ni dini tunayoitetea, mbona tumesahau lile fundisho la kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi? Tazameni masinia yetu ya harusi. Fungu la pumzi liko wapi? Mgeni akisema ameshiba twamwambia, "Kula bwana, hujala kitu!" na tonge twamtilia mkononi. Kisha akinenepa twamcheka, akijinyima twamcheka, na akipasuliwa twamcheka.

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Juma lililofuata ile Idi nilikwenda kwa mpwa wangu kumtaka radhi. Nilimkuta anamaliza sala ya alasiri. Kile kiti chake cha kusalia kilikuwa pembeni, kimewekewa nguo zilizopigwa pasi. Nikamwambia, "Niwie radhi mwanangu, nami nilicheka." Akanijibu: "Mjomba, mimi sikutaka niitwe mwembamba. Nilitaka nisujudu."

Nilikosa la kusema. Miaka yote ile aliyosali juu ya kiti, mimi nilikuwa nikihesabu kilo zake, na wala sikuwahi kumuuliza magoti yanamuumaje.

Basi rai yangu ni hii. Kujinyima na kupasuliwa si kitu kimoja, kwani kimoja huiacha njaa kama ilivyo na kingine huigusa kwenye shina lake. Lakini vyote viwili vyahitaji subira ya kila siku, na vyote viwili huharibiwa na jamaa wasiokubali neno "nimeshiba". Mwenye kuhitaji matibabu na aulize madaktari wawili watatu kabla ya kukata shauri, na sisi wengine tumwache ale matonge yake matatu kwa amani. Idi ijayo, inshallah, nitakaa karibu na mpwa wangu, na mtu akimsukumia nyama, nitaila mimi.

Hayo ndiyo niyaonayo. Wewe msomaji waonaje?